Njia au Nchi

Talaka yangu niliipatia Tunduma, na pamoja na talaka nikapata mashine mbili za gemu. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Mashine alizinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akasema ni za watoto tutakaowazaa. Watoto hawakuja, akaja mke mwenzangu. Mie ni Mwanakombo, mtu wa Pangani, sikulelewa kumlilia mwanamume mlangoni. Nikabeba mashine, runinga na karai langu la maandazi, nikamwita mdogo wangu Ashraf anifuate, tukaondoka Chapwa, mtaa wetu wa Tunduma, tukaenda zetu Mkwajuni kwenye dhahabu. Huo ulikuwa mwaka elfu mbili na kumi na mbili, Mkwajuni bado inahesabiwa Chunya.

Wachimbaji nao wana mambo. Wanashinda shimoni wamejikunja, mavumbi puani, ukidhani wakitoka watakwenda kulala. Wapi! Wanataka kucheza. Tukajenga kibanda cha mabati, jenereta nyuma, mabenchi ndani, mie na karai langu mlangoni. Hazikupita wiki nyingi nikaona afadhali ningefungua duka la bandeji. Ngumi kila siku, na ugomvi wenyewe ni wa zamu. Huyu anacheza mpira, firimbi ikilia kamaliza, anatoka. Yule kachukua gemu ya kutembea milimani, anakata kuni, anapanda farasi, ukimwambia toka anakujibu sijamaliza. Utamaliza lini? Hajui. Gemu yenyewe haina mwisho, mwanangu!

Ashraf ndiye aliyeleta amani. Alikuwa mtu mzima tayari, mpole, mwembamba, anayetengeneza redio za watu kimyakimya huku wengine wakipiga kelele. Siku moja akapigilia rafu tano ukutani, akazimwaga zile sidii zote chini, akaanza kuzipanga. Wengine wanapanga za magari huku, za bunduki kule. Yeye hakufanya hivyo.

"Usiniulize gemu ina nini ndani," akawaambia wachimbaji waliomzunguka. "Niulize ina ukubwa gani. Ukishaingia mle, unaweza kwenda mpaka wapi?"

Rafu ya chini kabisa akaiita chumba. Humo mna watu wawili wanaopigana, nyuma ukuta, mbele ukuta, hutoki mpaka mmoja aanguke. Juu yake akaweka uwanja: mpira, magari ya kuzunguka, vitu unavyoviona vyote kwa jicho moja na mstari wake upo. Rafu ya katikati ni njia. Mle unakwenda mbele tu, kulia kumezibwa na kushoto kumezibwa, huwezi kupotea hata ukitaka. Halafu mji, wenye mitaa na vichochoro, unakwenda utakako mpaka bahari ikuzuie. Na juu kabisa nchi. Nchi ni milima na mito na vijiji vya watu usiowajua, unakwenda mpaka usingizi ukushike.

Kwa hiyo zamu nazo zikajulikana. Chumba ni mpaka mtu aanguke, uwanja ni mpaka firimbi, njia ni mpaka ufe. Mji na nchi, kwa kuwa havina mwisho, mwisho niliweka mie: karai moja la maandazi. Yakishaiva yote nikayaopoa, umemaliza, hata kama umepanda farasi. Waliniita hakimu. Wengine walinunua maandazi yaliyopoa ili nisikaange mapya, wajanja kweli wale.

Waliyabishania yale madaraja kama watu wanavyobishania dini. Kuna gemu moja ilikuwa na mji mkubwa, lakini kazi zake zinakulazimisha ufuate barabara ileile. Je, ni mji au ni njia? Ashraf alisema jibu ni moja tu: acha kazi, geuka nyuma, uone kama utazuiwa. Usipozuiwa ni mji. Kefa, ambaye alikuwa na duara lake huko kilimani, yaani shimo lake la kuchimbia, aliguna aliposikia hayo. Kefa alikuwa Mnyiha wa Hasamba, mzee wa kanisa, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa benchi. Hakucheza kingine ila mpira.

"Mimi napenda kitu chenye mstari," alisema. "Mpira ukitoka umetoka. Hayo mengine ni uzururaji."

Ashraf mwenyewe alikuwa na mchezo wake mmoja uliowaleta watu hata wasiojua kushika pedi, kile kidude cha kuchezea mkononi. Kwenye gemu za nchi huwa kuna ramani ndogo pembeni ya kioo. Yeye aliibandika gundi nyeusi ya umeme, ile ya utepe, haionekani. Kisha anaingia msituni, anapanda, anashuka, anapita mapango mle, anakata kona mpaka sisi tunaotazama tumevurugikiwa, halafu anasema, "Sasa narudi." Na anarudi. Anatokea palepale alipoanzia, mlango uleule. Watu wanapiga makofi wee! Nilimuuliza anajuaje. Akasema kila anapokata kona anakumbuka mgongo wake umeelekea wapi, basi. Mie hata sokoni napotea, nikamwambia hicho ni kipaji cha Mungu.

Kipaji hicho ndicho kilichomleta Uledi.

Uledi alikuwa mtu wa Tabora, mrefu, nadhifu, shati limenyooshwa hata kwenye vumbi lile. Alikuwa na duara linalopakana na la Kefa. Akawa anakuja, anakaa mwisho wa benchi, anaagiza kahawa, hachezi. Mtu anayekuja kwenye mchezo na hachezi, mie moyo wangu humkataa. Alikuwa hamtazami mwingine ila Ashraf. Siku ile Ashraf alipotoka kwenye mapango na gundi yake kiooni, Uledi hakupiga makofi. Aliweka kikombe chini taratibu akauliza, "Kijana, chini ya ardhi ungeweza hivyo?"

"Sijawahi kushuka," Ashraf akasema.

"Njoo kesho kwangu tuongee."

Nilimkataza palepale. Ashraf akacheka, "Dada, mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo." Akaenda. Aliporudi macho yanang'aa, akanieleza maneno ya Uledi kama alivyoyameza.

Kilimani kila duara lina eneo lake, na eneo lina nguzo zake za mpaka, wanaziita bikoni. Juu mpaka unaonekana. Chini nani auone? Mwamba wenye dhahabu haujui bikoni, unajiendea wenyewe, na wachimbaji wanaufuata. Wakikutana chini watu wa maduara mawili, ukuta ukatoboka, hiyo inaitwa mtobozano, na hapo amevuka mmoja wao. Uledi akasema yeye hataki ugomvi na jirani. Anataka mtu wa kumwambia, akiwa chini, juu yake kuna nini, ili asivuke. Kazi ya Ashraf ni moja: ashuke, afike mwisho wa kuchimba, arudi mdomoni mwa duara amwambie Uledi wako chini ya nini.

"Mtu asiyetaka kuvuka haendi kuchimba mpakani," nikamwambia.

"Dada, unamdhania mtu vibaya."

"Na huko chini ni kubaya."

"Huko chini ni njia tu," akasema, na akaonyesha rafu ya katikati. "Kulia mwamba, kushoto mwamba. Unakwenda, unarudi. Nitapotelea wapi?"

Osea alikuwa amekaa pale anakula andazi. Osea ndiye mchimbaji mkongwe wa Uledi, kifua kimejaa mavumbi, anaongea neno moja moja kwa lafudhi yake ya Mbozi. Akatikisa kichwa.

"Si njia," akasema. "Mwanangu, kile kilima kimeliwa. Wazungu walikula, babu zetu walikula, sisi tunakula. Mashimo yanaingiliana. Hiyo ni nchi."

Nilitamani kumbusu yule mzee. Lakini Ashraf alipenda ushindani. Neno nchi badala ya kumtisha likamvuta. Kesho yake akavaa buti za kuazima, akapanda kilima. Nilikasirika nikaunguza maandazi yote.

Mwanzoni alikuwa akirudi na furaha zake. Alinieleza jinsi lile duara linavyogawanyika matawi, jinsi wenzake wanavyomwuliza njia, jinsi walivyoanza kuchimba vichochoro vipya kwa sababu sasa wana mtu wa kuwarudisha. Zamani hawakuthubutu kwenda mbali. Sasa wanathubutu. Mie niliposikia hivyo sikupenda, ila sikumkataza tena, maana ukisema kila siku mtu hukuzoea kama jenereta.

Kisha akaacha kusimulia. Anarudi, ananawa, anakaa. Akija kibandani hagusi rafu ya juu, anachukua gemu za chumba, anapigana na ukuta nyuma yake mpaka aanguke, anaanza tena. Nikamwuliza kuna nini, akasema amechoka. Ashraf hakuwa mtu wa kuchoka kimya. Nikakaa naye jioni moja kabla jua halijazama, nikamkatalia kuondoka mpaka aseme.

"Tumevuka, dada," akasema.

"Umejuaje?"

"Leo nilisimama mwisho wa kichochoro kipya. Juu yangu kulikuwa na jiko la Kefa. Sina shaka hata kidogo. Nikarudi mdomoni nikamwambia Uledi, tumevuka, tusimame."

"Akasema nini?"

"Akasema, ndipo nilipotaka. Akanishika bega akaniambia nimefanya kazi nzuri."

Lahaula! Nilimtukana Uledi matusi ambayo mama yetu angenifinya. Nikamwambia Ashraf kesho hapandi kile kilima, na kama ni buti nitazirudisha mie. Akasema ataacha, lakini si ghafla. Kina Osea wanachimba mle kwenye matawi aliyowaonyesha yeye. Akiacha leo, kesho watabaki wanapapasa. Atawazoesha njia kwanza, kisha ataacha. Nikaona amenuia, nikamwacha, moyo haukutulia.

Siku mbili tatu baadaye Kefa akaja kucheza mpira. Alicheza vibaya, akawa anakosa hata mipira ya wazi, na kicheko hakuna. Katikati ya mechi akaiweka pedi chini. Kefa hajawahi kuacha mechi.

"Bi Mwanakombo," akasema, "mke wangu ananiambia sufuria zinatetemeka jikoni na hakuna mtu aliyezigusa. Nimeweka sikio chini. Nimesikia nyundo."

Nikageuza maandazi.

"Mdogo wako simwoni siku hizi."

"Yuko kazini," nikasema.

"Sikuulizi ni kwa nani. Wewe na mimi hatujakosana." Akasimama, akavaa kofia yake. "Ila kama una ndugu anayeshuka chini kwa watu, kesho mpikie chai, akae nyumbani. Kesho nitafukuza panya."

Kufukuza panya kila mtu wa Mkwajuni anakujua. Watu wakikutobolea chini, unawasha matairi na pilipili kwenye shimo lako, moshi unaingia kwao, wanakimbia kwa mdomo wao wenyewe wakikohoa, wewe unakwenda unaziba tundu lako. Ni ukorofi, lakini ndiyo desturi ya pale, na watu walikuwa wakisema haijaua mtu, kwa kuwa kila mtu ana mdomo wake wa kutokea. Nilimwambia Ashraf usiku uleule aliporudi. Nilimwambia neno kwa neno. Akasikiliza, akasema, "Basi kesho siendi," nami nikamshukuru Mungu nikalala.

Asubuhi nikaamka nikakuta kitanda chake kitupu. Buti hazipo. Ndugu yangu alikuwa amekumbuka kwamba kina Osea wamelala huko huko kilimani na wanashuka mapema, na hakuna aliyewaambia.

Mambo ya kule juu nilikuja kuyajua kwa Osea, naye aliambiwa na vijana waliokuwa mdomoni pamoja na Uledi. Ashraf alipofika, wenzake walishashuka. Akamkuta Uledi mdomoni mwa duara na shati lake la pasi, akamwambia Kefa atawasha moto leo, watoe watu. Uledi akasema Kefa ni mtu wa kanisa, hana ubavu huo. Ashraf akashikilia. Uledi akamwambia, kama unaogopa hivyo, shuka ukawatoe mwenyewe, wewe si ndiye unayewajua walipo? Ashraf akavaa tochi kichwani, akashika ngazi ya miti, akashuka.

Mie wakati huo niliwasha jiko mlangoni pa kibanda, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure nikiwa na hofu. Kilima kinaonekana vizuri kutoka pale. Nikaona moshi. Mweusi, mzito, wa matairi, unapanda upande wa Kefa. Nikasema ndiyo hayo. Punde ukapanda moshi wa pili, upande wa Uledi. Watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama, mmoja akasema kwa sauti, "Haa! Kumbe wametobozana!" Na ndivyo ilivyo, kwani moto uwashwe kwa Kefa na moshi utokee kwa Uledi, utasema nini tena? Hapahitaji afisa wala kipimo. Kilima kizima kilikuwa kinasoma wizi wa Uledi angani.

Kisha ule moshi wa pili ukakatika.

Haukupungua kama moshi unavyopungua. Ulikatika. Kwa Kefa bado unapanda, kwa Uledi hewa nyeupe. Nilikaa nikiutazama kwa muda mfupi tu, kichwa kinakataa kufikiri. Halafu nikaelewa kwamba hakuna njia ya moshi kukatika hivyo ila mtu auzibe. Nikaacha karai motoni, nikakunja khanga kiunoni, nikakimbia.

Nilipofika kwa Uledi pumzi sina. Wachimbaji wake wamelala chini wanakohoa, macho yamevimba, mmoja anatapika. Mdomo wa duara hauonekani. Pamewekwa mbao, juu ya mbao turubai, juu ya turubai kifusi, na vijana wawili bado wanatupia udongo kwa koleo. Uledi kasimama kando, anatazama barabara inayopanda kilimani kama mtu anayengojea wageni asiowataka.

"Ashraf yuko wapi?"

"Wametoka wote, bibie."

"Ashraf yuko wapi?"

"Ametokea upande wa Kefa. Ndiko karibu alikokuwa. Nenda ukamchukue."

Alilisema kwa sauti nzuri ya upole, nami mjinga wa hofu nikataka sana liwe kweli. Nikageuka nikakimbia kwa Kefa. Ni mbali kama kutoka msikitini mpaka sokoni, lakini ni makorongo matupu, nikaanguka, nikaamka, goti linatoka damu. Kefa nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jiko lake anakunywa chai, moto wake unaungurumia shimoni nyuma yake.

"Nimekuja kumchukua Ashraf," nikasema.

"Kwangu?" Akashangaa kweli. "Kwangu hawezi kupita, mama. Moto uko hapa. Atatokea kwao, wote hutokea kwao."

"Kwao kumezibwa."

"Kumezibwa nini?"

"Uledi amefunga mdomo. Mbao na kifusi. Moshi usionekane!"

Nimeona watu wakiogopa maishani mwangu, sijaona uso uliobadilika kama ule. Chai ilimwagika kifuani pake na hakuihisi. Akapiga kelele kwa watu wake wamwage maji, waingize mchanga, wazime, wazime! Kisha yule mtu mnene, mzee wa kanisa, akakimbia. Alikimbia mbele yangu akiita jina la Yesu kila hatua, na mie nyuma yake naita la Mtume.

Tulipofika, Osea alikuwa ameanza kupata sauti. Alikuwa amekaa kwenye kifusi, anakikwangua kwa mikono, vijana wawili wa koleo wamesimama wanamtazama wasijue la kufanya. Akaniona, akalia.

"Alikuwa nyuma yetu," akasema. "Moshi ulikuja, tochi hazioni kitu. Yeye akapiga kelele, nisikilizeni mimi. Kushoto. Sasa inama. Sasa ngazi. Alituelekeza kwa sauti, mama, mmoja mmoja, tukapanda. Mimi nilikuwa wa mwisho mbele yake. Sauti yake ilikuwa hapa, nyuma ya kisogo changu."

"Na Uledi ulimwambia?"

"Kifua kilikataa. Nilimshika mguu. Nikamwonyesha shimo kwa kidole. Akautoa mguu wake."

Hapo Kefa alishapiga magoti. Watu wake walikuja na makoleo, na watu wa Uledi wenyewe, wale waliokuwa wanatapika, wakatambaa wakaja kuchota kifusi kwa viganja. Mara mmoja wetu akasema shh. Tukanyamaza wote. Chini yetu kulikuwa na kugonga. Ko. Ko. Si kwa nguvu. Juu kabisa, karibu, chini ya mbao palepale.

"Ashraf!" nikaita. "Ashraf, mie dada yako! Tunakuja!"

Ko.

Sijui nilichimba na nini. Kucha zangu ziling'oka, nilikuja kuona baadaye. Nilikuwa namwambia kila kitu kilichonijia mdomoni, kwamba tutarudi Pangani, kwamba nitauza mashine zote mbili, kwamba asilale, mwanaharamu wewe usilale. Akawa anagonga. Kisha akawa anagonga kwa mbali, mbali kwa muda, si kwa mahali. Tulipofika kwenye turubai hakuwa anagonga tena. Kefa akalishika pembe akalivuta lote kwa mkono mmoja, wakang'oa mbao, moshi ukatoka kwanza, mwingi, ukatufukuza sote nyuma ila Osea.

Osea alimshika kwapani. Hakushuka hata kipago kimoja cha ngazi. Ashraf alikuwa juu, kwenye kipago cha mwisho, amejifunga kwa mkanda wake wa suruali asianguke, mkono mmoja umeshika ngazi na mwingine umenyooshwa juu, vidole vimeingia kwenye ufa wa mbao. Tukamlaza kivulini. Mwili bado ulikuwa na joto. Nilimpepea kwa khanga muda mrefu sana, mpaka Kefa akanishika mikono.

Tulimzika alasiri ileile. Wanaume walipotoka makaburini walikuja kukaa kwenye mikeka uani kwangu, wachimbaji wa kilima kizima, shehe katikati. Uledi akaja. Ndiyo, alikuja, na kanzu safi. Akavua viatu, akakaa mbele, na walipomaliza dua akaomba kusema machache. Akasema sote ni wa Mwenyezi Mungu. Akasema marehemu alikuwa kijana hodari, lakini kule chini ni kugumu, na katika moshi ule alichanganyikiwa, akapotea njia. Kazi ya Mungu haina makosa, akasema.

Watu wakaitikia, si wote. Osea alikuwa kwenye kona, akainua kichwa.

Mie nilikuwa ndani na wanawake. Mwanamke aliyefiwa anakaa ndani, anatulia, ndivyo nilivyolelewa. Nikasimama. Mke wa Kefa akanivuta khanga, nikamwachia khanga. Nikatoka uani mpaka mbele ya mikeka, kichwa wazi, vidole vimefungwa matambara.

"Uledi," nikasema, "usimsingizie Mungu, na usimsingizie ndugu yangu. Hakupotea. Aliwatoa wote hawa mnaowaona, kisha akafika. Tulimkuta juu ya ngazi, mkono wake umeshika mbao zako. Waambie ulikuwa umesimama wapi alipokuwa anagonga."

Nilimngoja aseme. Nilidhani shehe ataniambia, binti, rudi ndani. Hakuniambia. Uledi akatazama huku, akatazama kule, akainuka nusu akaanza kupapasa viatu vyake kati ya viatu vya watu, na hakuna mtu aliyejisogeza kumpisha.